Mshono wa Juu

Radomir, mwana wa dada yangu,
umenipigia saa tano za usiku kuniuliza
kama maswali ya miaka iliyopita bado ninayo.
Ninayo. Yamo kabatini, chini ya vitambaa vya meza,
na hapo yatakaa.

Mimi niliyameza yote, mia mbili na kumi.
Niliyakariri nikimenya viazi,
niliyakariri ndani ya tramu hadi geti la karakana ya meli,
midomo ikicheza, abiria wakidhani nasali.
Nilijua jibu la kumi na saba ni "b".
Sikujua kwa nini.
Mwaka ule wakaligeuza swali, neno moja tu,
na "b" yangu ikabaki imenikodolea macho
kama samaki wa Krismasi ndani ya bafu letu.

Hilo dogo. Hili jingine utalisikia kwa Ludomir,
na Ludomir hutia chumvi,
bora ulisikie kwangu.

Miezi minne nilichomelea bamba lililolala mezani,
maana hapo mkono wangu ulikuwa na sifa.
Mshono ulitoka umepangana kama magamba;
watu wa zamu ya usiku walikuja kuutazama
nami nikajifanya siwaoni.
Ule wa juu ya kichwa, ambao cheche hushukia kolani,
nilisema: kesho.
Kesho ikazaa kesho.
Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Hawakusema neno juu ya mtaka cha darini,
aliyesimama shingo imevunjika nyuma, moto ukimnyeshea,
na mtahini, Bwana Gniewosz, pembeni,
akitafuna mbegu za alizeti.

Bamba langu walilitia kwenye mashine ya kukunja.
Kwa nje lilikuwa zuri, nililisugua hadi likang'aa.
Likafunguka katikati, taratibu,
kama mdomo wa mtu anayetaka kukwambia jambo,
na ndani, mavi ya chuma:
ya Novemba, ya Desemba,
ya kila kesho niliyoitamka.

Sikulia pale. Nililia kituoni, theluji ikinisaidia.

Mara ya pili sikufeli.
Mara ya pili sikuingia.
Kitambulisho kilikuwa kimekwisha muda siku sita nyuma.
Binti wa mlangoni alikisoma mara mbili, kwa huruma,
na huruma haifungui mlango.
Chako kitazame sasa hivi,
kabla hujamaliza mstari huu.

Ya tatu nilipita. Kwa alama mbili.
Usiniulize siri, sina;
nilikuwa nimechoka kujipendeza.
Nilianza kila siku na lile nililolichukia,
tumbo likiwa bado tupu na hasira ikiwa mbichi,
kisha nikalikunja mwenyewe kwenye jiliwa la marehemu babu yako,
nikatazama ndani. Kila siku. Hata lilipotoka baya.
Hasa lilipotoka baya.

Mama yako anasema huli, hulali,
unakunywa kahawa kama injini.
Kitabu chako nilikiona Pasaka:
umekipaka kalamu ya manjano toka jalada hadi jalada.
Shamba la haradali, Radomir. Linapendeza.
Lakini penye manjano kote
ni wapi ulipoona jambo?

Zimebaki siku tisa. Hazitoshi kujua kila kitu,
zinatosha kujua usichokijua.
Elektrodi zako zikaushe, usinidanganye kwamba unyevu wa mto hauingii sandukuni.
Usiku wa mwisho usiguse kitu. Lala.

Na Jumamosi njoo gerejini.
Nimefunga bamba juu, kwenye boriti,
mahali ambapo hutalipenda.
Leta kola ya ngozi, acha kalamu nyumbani.
Nami nitakaa juu ya ndoo, kimya, sitakusaidia neno,
nitatafuna mbegu za alizeti,
na nitazitafuna kwa sauti.