Kamba ya Kuvutia

Kwenye boksi ilikuja kamba ya plastiki,
imeganda kama mstari wa daftari,
msokoto umechorwa upande mmoja tu.
Nimeikata. Nimeitupa kwenye ndoo ya plasta
pamoja na taya za watu wa Pasua na Kiboriloni.

Mchana natengeneza meno bandia.
Usiku, meza hiyohiyo, natengeneza kifaru,
kimepunguzwa mara thelathini na tano:
kinaenea kiganjani, mzinga tu unavuka vidole.

Waya nilinunua kwa Swalehe wa spea za redio,
nyuma ya soko la Mbuyuni.
Shaba, mwembamba kama mvi.
"Wa kufungia nini, dada?"
"Wa kuvutia kifaru."
Akacheka, akanipunguzia mia mbili.

Nyuzi saba: sita zikizunguka moja.
Huku nimezibana kwenye jiliwa,
kule kwenye mdomo wa drili ya mkono,
nikazungusha polepole, nikihesabu kwa Kichaga
kama bibi alivyohesabu vichane vya ndizi,
mpaka kamba ikaanza kujikunja yenyewe.
Hapo unaacha.
Mzunguko mmoja zaidi, inakatika.

Shida ni uzito.
Kamba ya kweli hubebwa na watu wawili.
Ukiilaza inalala, inatii kila kona ya bodi.
Yangu ni nyepesi kuliko kipande cha ukucha,
inaruka, inasimama wima,
ina kiburi cha kitu kisichowahi kuvuta chochote.
Nikaipitisha juu ya moto wa spiriti,
ikawa nyekundu, ikapoa, ikalegea.
Nilitaka kutoa methali hapo. Nimeacha.
Ni shaba tu.

Vitanzi nimevichonga kwa mabaki
ya chuma cha kushikia jino.
Rangi nimeipata kwa yai:
kiini cha kuchemsha, kingali moto,
ndani ya kopo la kahawa, kamba pembeni, funika.
Asubuhi shaba ina weusi wa sufuria
na chumba kina harufu ambayo
mgonjwa wa kwanza alinitazama nayo kwa jicho la pembeni.

Jumapili, baada ya ibada ya pili,
akaja Baba Mdogo Ndelilio na mkungu wa mshare.
Alikuwa fundi jeshini, vita ya sabini na nane.
Akachukua lenzi yangu, akainama muda mrefu.
"Nzuri," akasema.
Halafu: "Lakini mbona iko hapo?"
"Ndipo mahali pake. Mchoro unaonyesha."
"Kwenye gwaride, ndiyo.
Kule, masika yale, sikuwahi kuiona mahali pake.
Kila siku ilikuwa na mtu upande wa pili."

Akafungua kiganja.
Chini ya kidole gumba, kovu jeupe, dogo, kama punje ya mchele.
"Uzi mmoja ukikatika unachomoza.
Huuoni. Unaukuta kwa mkono.
Tuliuita sindano ya bure."
"Na upande wa pili alikuwa nani?"
Akauliza kama nina sukari.

Aliondoka saa kumi, mvua ikianza.
Nikaibandua kamba kwenye ubavu wa kifaru,
gundi ikaacha alama, sitaifuta.
Kwa kibanio nikachomoa uzi mmoja kati ya saba,
nikaukata, nikauacha umesimama.
Kitanzi kimoja nikakitia kwenye ndoano ya mbele.

Cha pili hakina pa kwenda.
Nina kifaru kimoja tu;
cha pili, mshahara wa nusu mwezi.
Kamba imevuka tope la plasta, imevuka ukingo wa ubao,
imefika katikati ya meza,
na kwa kuwa ilihitaji kitu cha kushika
nimeifunga kwenye meno ya juu ya Mama Anasia,
yanayochukuliwa Jumanne.

Nikakisogeza kifaru nyuma, nywele moja, nywele mbili.
Kamba ikainuka kutoka mezani,
lakini haikunyooka kabisa.
Imebonyea kidogo katikati.