Ukoka

Mama aliponifunza kulima
neno la kwanza la jembe lilikuwa: ng'oa.
Ng'oa ukoka, usiuache hata uzi,
ukoka ni mgeni asiyekwenda kwao.
Tukaung'oa, tukauanika juu ya majabali
mpaka ukawa kamba kavu, tukautia moto,
na mvua ya kwanza ya mwaka
ikaturejeshea wote.

Leo nalipwa kuulea.

Saa kumi na mbili kasorobo, jua bado,
naburura kamba ndefu juu ya grini ya saba
kuuangusha umande, usije ukaita kuvu.
Shaame hufuata nyuma na mashine.
Milimita nne: hazidishi, hapunguzi,
rula i mfukoni mwake kama tasbihi.
"Kazija," huniambia, "nyasi hukua kwa kukatwa,
lakini ukifika shingoni, umeua."
Kisha hukohoa,
kana kwamba aliyesema ni mwingine.

Udongo huu si wa hapa. Matemwe ni jiwe.
Waliuleta kwa malori kutoka Donge, mwekundu,
miezi mitano, hata kanzu za Ijumaa zikageuka rangi.
Chini yake, shibiri mbili, liko konde letu.
Ramani sina. Naijua miinuko kwa nyayo:
hapa palikuwa na kunde,
hapa mama alijikata kidole, akakifunga kwa jani,
akaendelea.

Kaskazi ndiyo inayotutia adabu.
Kisima hutoa maji ya chumvi,
ncha za majani hugeuka rangi ya chai ya maziwa,
basi tunamwagilia usiku, kidogo kidogo.
Navisikia vinyunyizio nikiwa kitandani,
chika, chika, chika,
na ndoo zangu tatu mlangoni
zikingoja zamu ya bomba.
Sisemi kitu. Mshahara nao huja kwa zamu.

Masika, kinyume chake: tunaomba ipungue.
Chenene hutoboa chini kwa chini;
tunawamwagia maji ya sabuni
wanatoka wakiyumba, kunguru wakila karamu.
Tunachoma vishimo, maelfu, ardhi ipate kupumua,
tunasukumia mchanga ndani kwa fagio za chelewa
mpaka kiuno kinasahau kuwa ni changu.
Na ndago. Ndago haina dawa ila vidole,
na ukiiacha kokwa moja tu ardhini
umeipa mwaliko.

Mwaka huu kipupwe kilikuwa kimeshaingia,
siku sita kabla ya mashindano,
pembeni mwa grini kikachomoza kitu:
majani matano yaliyokunjuka kama kiganja,
kikonyo chekundu.
Muhogo.

Shaame akasema ni panya, ameleta kipande.
Labda. Sikubishana na panya.
Lakini siku ile nilikata nyasi kwa kuuzunguka,
na kesho yake pia, na keshokutwa,
na yeye aliponiona alikuja, akachuchumaa,
akatoa rula.
"Sentimita kumi na moja," akasema,
akaenda zake.

Asubuhi ya mashindano nikapiga goti.
Neno la jembe likanijia kwa sauti yake mama.
Ukatoka kirahisi, bila ya kunishika mkono,
mzizi mwembamba kama kidole cha mtoto,
haujapata hata unga.

Nikajaza mchanga. Nikabandika kipande cha ukoka,
nikakikandamiza kwa kisigino,
nikakimwagia maji matamu
ya chupa yangu ya kunywa.

Siku ya kumi nikapita na kamba yangu ya umande,
nikasimama, nikatafuta mahali penyewe.
Ukoka ulikuwa umeshashikana.
Hata mimi sikupaona.