Kufumua

Leo siendi jukwaani.
Nimekaa Kaloleni, mlangoni pa duka langu,
cherehani mbele, wembe mkononi,
na jezi ya kijani magotini kama mtoto mwenye homa.

Nembo hii niliishona mimi,
uzi wa manjano, ndani nje, ndani nje,
mwaka ule Chuma ilipopanda daraja
na Shikuku akatembea kwa magoti
kutoka langoni hadi katikati ya uwanja.
Nadhiri ya mlevi, tulisema, na bado tulilia naye.
Nilishona thelathini na mbili usiku mmoja
kwa kibatari, stima ilikuwa imepotea,
na sikudai hata shilingi.
Nani hujilipisha kwa nguo yake mwenyewe?

Tulikuwa wenye timu.
Sikiliza neno hilo lilivyojaa watu:
mafundi wa reli, wauza mitumba wa Gikomba,
Baba, aliyefia kwenye foleni ya pensheni
na tikiti ya Jumapili mfukoni.
Sasa kuna mwenye timu.
Herufi moja imeongezwa,
watu wote wamepungua.

Simjui. Nilimwona mara moja, kwa mbali,
viatu vyake havikugusa tope, kuna aliyemtandikia zulia.
Lakini matingatinga yake nayajua.
Yalikuja Mukuru saa tisa usiku, mwezi wa tano, mvua,
yakala mabati ya Nthenya na kabati na godoro
na madaftari ya mwanawe yaliyokuwa chini ya godoro.
Nthenya alilala kwangu, kati ya marobota ya vitambaa,
wiki moja, wiki tano.
Wiki ya sita redio ikasema Chuma imepata mwokozi:
mishahara italipwa, nyasi mpya, basi lenye viti vya ngozi.
Nthenya alikuwa akimenya kiazi.
Hakusema neno. Aliendelea kumenya
mpaka kiazi kikaisha mkononi.

Sitasema sikujaribu.
Mechi tatu nilikwenda. Nilijiambia
timu ni rangi, timu ni vijana wanaokimbia,
mpira hauna kosa.
Barasa alifunga kwa kichwa, akaja kutupungia,
nami mikono juu, koo limepasuka,
na hapo, kifuani pake,
jina lilelile lililoandikwa
ubavuni mwa tingatinga.
Mikono yangu ikabaki hewani
kama ya mtu anayeporwa.

Jana Shikuku amekuja. "Mama Ajwang',
wenye pesa hupita. Chuma hubaki."
Labda. Sikubishana naye,
magoti yake yana kovu hadi leo.
Nilimwongezea chai.
"Nenda kapulize tarumbeta yako," nikamwambia.
"Kila mtu na koo lake. Langu limekataa kumeza."

Basi nafumua.
Kushona ni kazi ya usiku mmoja,
kufumua kunataka subira;
ukivuta kwa hasira unachana nguo.
Uzi mmoja. Mwingine.
Nembo imebanduka, nyepesi kama ganda la kitunguu,
na chini yake kijani cha mwaka ule,
kijani ambacho hakijawahi kuona jua,
umbo lilelile la ngao,
na vitundu vya sindano pembezoni
kama siafu waliozingira kitu
ambacho hakipo tena.
Hiyo haifumuki.

Saa kumi na kitu, uwanja unanguruma juu ya mapaa.
Mguu wangu unakanyaga pedali, wenyewe,
cherehani inakimbia bila nguo.

"Nani amefunga?" Nthenya anauliza kutoka ndani.

"Tume..." naanza,
kisha nauma uzi, naukata kwa meno.
"Wamefunga," nasema.