Viroba Kumi, Barabara ya Arusha Chini

Pea nne za taa, zote za soko la Mbuyuni,
ya kwanza elfu kumi na tano, ya nne elfu arobaini,
na muuzaji aliniapia kwa mama yake
kwamba hata ile ya elfu kumi na tano
itamulika panya akiwa kileleni Kibo
na rangi ya mkia wake nitaijua.

Boksi limeandikwa wati mia tatu.
Nikafunga mita kwenye waya, mezani, karakana ya Pasua:
ampea moja na nusu.
Zidisha kwa volti kumi na mbili, Aikande.
"Kumi na nane," akasema, hajainua macho.
"Hizo nyingine ziko wapi, fundi?"
Zimebaki kwenye boksi. Boksi halili betri.

Tukazilaza ndooni usiku kucha.
Asubuhi moja ilikuwa na ukungu ndani ya kioo
kama dirisha la mama ntilie.
Nyingine ilimeza maji ikanyamaza.
Nikaandika kwenye daftari la mistari:
namba mbili, imezama. Namba tatu, inatoka jasho.

Saa tatu usiku tukashuka na kenta barabara ya miwa,
ile iliyonyooka kama uzi wa mwashi.
Viroba kumi vya sukari, vitupu, nimevivika vijiti,
hatua ishirini toka kimoja hadi kingine.
Nilizipiga mwenyewe, nikihesabu kwa sauti,
vyura wa mifereji yote miwili wakinivuruga hesabu.

Namba moja. "Unaona mpaka cha ngapi?"
"Wewe, fundi?"
"Cha nne."
"Na mimi, cha nne."

Namba tatu, yenye jasho: mwanga wa bluu,
umetapakaa kwenye miwa kushoto na kulia,
barabarani umepita kama mgeni asiyekaribishwa.
"Cha nne na nusu," nikasema.
"Na mimi, cha nne na nusu."

Nani huona nusu ya kiroba?
Nilipaswa kusikia hapo.

Namba nne.
"Cha tano."
Akanyamaza. Injini ikanguruma peke yake.
"Kuna mtu anakuja," akasema. "Ana baiskeli.
Jembe begani, koti la mvua la njano.
Amekipita cha tisa sasa hivi."

Nikatazama. Palikuwa na weupe,
na ndani ya weupe, weupe.
Nikangoja.
Ile njano ilinifikia kwenye kiroba cha tano,
hapo hapo dunia yangu inapoanzia.
Mmwagiliaji akashuka, kiganja usoni:
"Zimeni hizo! Mnatupofusha!"

Nikazima. Nikamwomba radhi gizani,
nikisema na mahali ambapo nilidhani amesimama.

Mwezi wa nne niligonga ndama, njia ya Kahe.
Nilimwambia mwenye ndama, nikamwambia polisi,
nikamwambia mke wangu aliponiwekea chai:
taa za kenta zimechoka.
Laki tatu na nusu nililipa,
nikabadilisha balbu, nikalala.

Aikande ameshika daftari, kalamu mdomoni.
"Niandike ngapi?"
Hakusema tano au tisa. Ngapi tu,
kwa heshima ile inayouma kuliko tusi.

Andika tisa. Taa ni nzuri.
Mabano yake ni bati la kopo,
yatalegea kabla hujafika Kibosho,
lakini taa ni nzuri.
Halafu pembeni, nje ya mstari, andika:
fundi, tano.

Akaandika. Sikuweza kusoma kama ameandika.

Alivikusanya viroba yeye,
mimi nyuma yake nikiokota vijiti kwa kupapasa.
Kisha nikampa funguo,
nikazunguka mbele ya kenta, mkono juu ya bampa,
nikapanda upande wa kushoto.
Miaka kumi na moja ya gari hili,
na sikujua kwamba kiti cha abiria
springi yake imekatika, na inachoma.