Sahani Mbili

Sahani mbili mezani, kila moja na namba yake ya wino mweusi:
mia na kumi na nne, Sauda, miaka sita, wodi ya watoto;
mia na kumi na tano, mwana punda, nyumba hiyo hiyo, Langoni.
Nimeziinamia tangu alfajiri.
Madoa mekundu, kila doa na mboni nyeusi,
huku na huku yananikodolea macho yale yale.

Nakijua kidudu hiki kwa jina. Salmonela.
Hakina mguu, lakini kimepanda ngazi.
Hakina ufunguo, kimeingia nyumba ya komeo tatu.

Kashata alikuwa wa siku nne mama yake alipoanguka
na magunia ya simiti, hatua chache kutoka gatini.
Bi Shekuwe akamleta kiwandani, akamlaza juu ya mkeka,
akamnywesha maziwa kwa kijiko, kisha kwa kikombe cha bati,
kile chenye ua la buluu lililobanduka.
Kuhara kulipomshika, alimfuta kwa kanga yake mwenyewe.
Sauda alimpakata kichwa, akambusu katikati ya masikio,
akachota maji ya birika kwa kikombe kile,
akanywa.

Basi. Hapo ndipo kilipovukia.
Si uvivu, si kijicho cha jirani.
Huruma ndiyo iliyolazwa kama ubao juu ya mtaro,
nacho kikapita, taratibu, bila kulowa.

Nilikwenda baada ya adhuhuri, sabuni mfukoni.
Nikasema yangu: klorini birikani,
chombo cha mnyama kikae mbali,
mikono, kucha, kanga ichemshwe.
Sauda anapata nafuu, nikaongeza, dripu imetolewa.
Alinisikiliza hadi nikaishiwa.
"Kwani mimi mchafu, mwanangu?"

Pembeni Kashata, masikio na mbavu tupu,
alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu.

Nikasema hasha. Nikasema tena,
na kila nikisema ilizidi kusikika kama ndiyo.

Akainuka, akaingia jikoni, akakawia.
Akarudi na chai ya maziwa
ndani ya kikombe cha bati chenye ua la buluu.
Chai imechemka, nikajiambia. Kikombe je? Ukingo wake je?
Alisimama mbele yangu, hapepesi.

Nilikipokea kwa mikono miwili.
"Ya moto," nikasema,
nikapuliza,
nikapuliza.