Meli Namba Mia Tatu na Kumi

Aliniita Februari, Turku imeganda hadi midomo.
"Njoo na bisibisi," alisema kwenye simu, "na usije na huruma."
Nikashuka ngazi kumi na nne hadi chini ya nyumba yake,
na kati ya magunia ya viazi na skii za marehemu mumewe
nikaikuta: sanduku la samawati iliyokolea, pana kama jiko,
kilo hamsini za chuma na kiburi.

Mwaka tisini na nne bei yake ingenunua nyumba ya mbao
na chenji ya rangi ya kuipaka.
Kiwanda cha meli kilinunua nne.
Tatu zilikwenda kusagwa. Hii moja Orvokki Lehtisaari
aliikokota juu ya theluji hadi kwake
siku aliyostaafishwa,
shada la maua kwapani, maua asiyoyataka.

Nikabonyeza. Taa ya jikoni, huko juu, ikapepesa.
Feni ikalalamika kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake,
diski ikaguna, ikatafuta, ikaguna tena,
na tarehe ikajitokeza pembeni mwa kioo:
Januari mosi, elfu moja mia tisa na sabini.
Betri ya saa imekufa. Kila ikiamka
inadhani dunia imeanza asubuhi hii.
"Hilo," akasema Orvokki, "usilitengeneze."

Kisha meli.
Kwanza nyuzi tu, kijani, mifupa ya samaki aliyeliwa na mtu mwenye adabu:
mkuku, mataruma, omo, tezi.
Akagusa kitufe, nyuzi zikavaa bati.
Akashika visukani vinane vidogo ndani ya kisanduku,
hiki cha kuinua omo, hiki cha kulaza ubavu,
hiki cha kuhamisha taa isiyokuwapo popote
lakini iliyoteleza juu ya chuma
kama siagi juu ya kikaango.
Mashine ilijua kilicho mbele na kilichofichwa.
Nukta milioni na ushei, moja baada ya nyingine,
iliipima kila nukta umbali wake na jicho
kabla ya kuikubalia rangi.

Akanivisha miwani yenye waya.
Vioo vikafumba na kufumbua, kushoto, kulia,
upesi kuliko jicho linavyoweza kuhesabu,
na tezi ikatoka kiooni ikanijia kifuani.
Nikarudi nyuma, kisogo kikagonga skii.
Hapo ndipo alipocheka.

Namba mia tatu na kumi haikuwahi kulowa.
Mnunuzi alifilisika kabla bati la kwanza halijakatwa.
Haina kutu, haina jina,
hakuna abiria aliyewahi kuitapikia.

Mimi ni mtu wa kusaidia, ndilo tatizo langu.
Nikainakili meli usiku ule, nikarudi kesho yake
nayo ndani ya simu, inazunguka chini ya kidole gumba
kama pia, bila feni, bila mguno.
Nikaanza kumweleza simu inaishinda mashine mara ngapi,
nikajisikia, nikanyamaza.

Orvokki aliitazama kwa muda mrefu.
"Inakubali tu," akasema.
"Ile yangu, nikiivalisha bati zote, ilikuwa inasita.
Nusu pumzi. Halafu ndipo inageuka.
Katika nusu pumzi moja, Machi tisini na tano,
niliona taruma la kumi na saba limekosea
kwa upana wa kidole.
Mabosi walidhani ninaisubiri mashine.
Nilikuwa ninafikiri."
Akamenya kiazi kizima kabla ya kuongeza:
"Tulikuwa tunafikiri."

Nikaifuta ile meli kwenye simu, mbele yake.
Nikabadilisha feni, nikaiacha saa na mwaka wake.
Alinilipa nusu gunia la viazi na mkate mweusi.
Nyumbani nikakuta skrubu moja mfukoni,
ndefu, nyeusi, sijui ya wapi.
Nilimpigia. Kwa mbali nikasikia ile feni.
"Inakwenda," akasema, akakata simu.