Lebo

Kazi yangu ni shingo.
Fulana mia nne kwa zamu, hapa Nyakato,
na katika kila shingo nashona kijilebo
chenye jani moja la kijani, namba ndogo, na maneno mawili.
"Pamba hai," alinisomea Mbuke siku ya kwanza.
Nikacheka: kwani ile nyingine ilikufa lini?

Nami najua ilikufa lini.
Kwetu Magu, mwaka wa funza,
baba alijitwika bomba la dawa mgongoni
akapita mistarini kifua wazi, akipiga mluzi,
na kuku waliodonoa wadudu nyuma yake
hawakufika bandani.
Mama alikataa wasiliwe. Tuliwazika.
Pamba ya mwaka ule ilikuwa nyeupe kuliko zote
na mizani haikuiuliza kitu.

Baada ya kuku, shangazi Holo akageuka.
Mwarobaini wa kutwanga, mkojo wa ng'ombe uliolala siku kumi,
alizeti mpakani, upepo wa jirani uishie humo.
Kila msimu huja mkaguzi, kijana Kyaruzi,
na maswali sitini kwenye ubao wa kuandikia:
Magunia unayahifadhi wapi?
Jirani hupuliza nini?
Nani alivuna?

Hapo shangazi hukohoa.
Maana miaka ile ya mwanzo tulivuna sisi,
Jumanne, Jumatano,
kengele ya shule ikilia ng'ambo ya korongo,
vidole vimechanwa na maganda ya vitumba.
Fomu ya kwanza haikuwa na swali hilo.

Nilidhani muhuri ni muhuri.
Lushinge, anayepokea majora getini, ndiye aliyenifumbua:
huu wa jani unasema juu ya shamba tu.
Upo unaosema juu ya rangi,
maji yakitoka kiwandani yanakwenda wapi.
Upo wa bei, aliyelima alilipwa ngapi,
na wa mikono, iliyoshona ilipumzika saa ngapi.
Na upo usiosema lolote,
umechorwa tu na mtu mwenye kompyuta nzuri.
Utaujuaje? "Tafuta namba, kisha uiulizie.
Muhuri usio na namba
ni shahidi asiyejulikana kwao."

Tukaigeuza yetu kwenye mwanga.
Namba ipo. Shamba lipo.
Juu ya rangi, kimya.
Juu yangu, ninayeinama hapa tangu saa moja
mpaka taa za Igoma ziwake,
kimya.

Nyuma ya chumba cha rangi kuna mfereji.
Jumatatu unapita zambarau,
Alhamisi ni chai ya rangi, kweli kweli.
Unateremka upande wa ziwa. Unakofikia sijapafuata;
najua tu bata wa mama Nyanjige
wana miguu ya sikukuu.
Jioni nanunua sato, namgeuza, namtazama shavuni.
Sato hana lebo.

Mwisho wa mwezi wanatugawia zenye kasoro.
Nikampelekea Ngolo moja, mshono wa bega umependa.
Aliivaa dakika tatu.
"Mama, kata hii, inawasha."
Nikaigusa, mara ya kwanza,
kama mtu anayevaa, si kama mtu anayelipwa.

Nailoni.
Jani, namba, pamba hai, vyote juu ya nailoni.

Nikachukua wembe, nikaifumua uzi kwa uzi.
Mshono wangu mwenyewe, hauachii hovyo.
Iko kwenye kopo la vifungo.
Agosti shangazi anakuja Bugando kutazamwa macho,
nitamwekea kiganjani.
Ataniuliza limeandikwa nini juu yake, hilo jani.
Nitamsomea namba,
polepole, tarakimu moja moja,
kama mtu anayemtajia mwenzake
jina lake.